Binti wa pointi nne aliyepimwa "tatu kwa kumi" kule Mitundu: nilichokiona na ninachojilaumu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Sina hadithi ya kutunga leo. Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu, na sehemu nyingine mkono wangu ulikuwemo, kwa hiyo mkiona najisema vibaya msishangae. Majina ya watu nimebadilisha. Mahali sijabadilisha, sioni sababu.

Niseme mapema kwamba elimu yangu ni form four tu. Mwenye kutaka kunichambua kwa hilo aanze sasa hivi, amalize, halafu asome.

Kwetu ni Masasi, ila ukiniuliza naishi wapi nitakuchelewesha. Nimekaa Geita, Mpanda, Tunduru na kwingine ambako hata jina la mtaa nimesahau, nakumbuka tu harufu ya mvua yake. Kabla ya kisa hiki nilikuwa Makongolosi, Chunya, fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mawe yakaisha, watu wakahama, na mimi nikafunga boksi langu la spana.

Nilikuwa naelekea Babati kwa rafiki wa zamani. Nikapanda Fuso la mchele lililokuwa linapita njia ya Rungwa kwenda Itigi.

Aliyepita njia ile ananielewa. Msitu hauishi, vumbi haliishi, na ndorobo, wale mbung'o, wanauma hata juu ya jinzi. Tulikuwa watu saba juu ya magunia, kila mmoja na taulo la kujipigia mgongoni kama tunaotubu dhambi. Karibu na Rungwa springi ikakatika. Tukalala pale siku mbili, tukila wali usio na mboga, kwa sababu mchele ndio uliokuwepo.

Siku zile mbili nilikuwa na furaha, sitawaficha. Nilikumbuka safari yangu ya kwanza kutoka nyumbani, kijana, na begi la kitambaa alilonishonea mama. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Gari likiharibika porini naona kama nimerudishiwa kitu.

Siku ya tatu mchana tukaingia Mitundu. Dereva akasema gari halitoki leo. Nikashuka kutafuta chai, nikasikia mashine inalalamika. Fundi anajua ule mlio, beringi inakufa na mwenye mashine hajui. Nikaufuata hadi kwenye banda la kukamulia alizeti.

Nikamkuta mama wa miaka hamsini na kitu, kajifunga kanga kiunoni, na binti yake pembeni na spana mkononi.

"Shikamoo," binti akanisalimu.

Kabla sijajibu mama yake akadakia, "Wewe ni fundi au mtazamaji? Kama ni fundi shika. Kama ni mtazamaji, pisha upepo."

Nikashika. Babati sikufika.

Yule mama nitamwita Mama Yohana. Mumewe alifariki miaka kadhaa nyuma akamwachia ile mashine, ng'ombe kiasi, na watoto wawili. Yohana, wa kwanza, ndiye aliyekuwa akichunga ng'ombe, kijana mkimya ambaye ukimpa habari anaitafuna kwanza. Wa pili ndiye yule binti, Monika. Alikuwa amemaliza form six, mchepuo wa PCB, anasubiri matokeo.

Mama akanipa chumba cha uani. Kazi ilikuwepo, msimu wa alizeti ulikuwa umefika.

Ngoja niwaambie huyo Monika ni mtu wa aina gani, maana ndiye kisa chenyewe.

Wiki ya pili mashine ilikuwa imepona lakini mashudu, yale makapi, yalikuwa yanatoka bado yana mafuta. Mimi nikakaza hapa, nikalegeza pale, jasho linanitoka. Monika akaniangalia siku nzima. Kesho yake akaja na madebe mawili ya mbegu. Moja la kutoka stoo, jingine alilianika juani tangu asubuhi hadi mbegu zikawa na joto. Akaomba nikamue moja moja. Debe la juani likatoa mafuta mengi zaidi, na mashudu yakatoka makavu.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Sikujua, fundi. Ndiyo maana nikaleta mawili."

Wakuu, mimi nimefanya kazi na mainjinia wa kuvaa helmeti. Hilo jibu sijawahi kulisikia kwao.

Matokeo yakatoka. Division One ya pointi nne. A ya Kemia, A ya Biolojia, B ya Fizikia. Kutoka shule ya serikali ya bweni ambayo maabara yake, kwa maneno yake, ilikuwa na vifaa vya kuangalia kupitia dirishani.

Alitaka udaktari, na alitaka chuo kile kikubwa cha Dar ambacho kila mwenye A anakitaka. Wengine humu mtakumbuka niliuliza kipindi kile, mkanijibu. Mwanachama mmoja akaandika: ushindani ni mkali, wanachukua kuanzia juu, lakini pointi nne zenye A ya Kemia na Biolojia zimewahi kuingia, aweke bila woga, asisahau kuweka na chuo cha pili cha akiba. Jibu la mtu mwenye akili. Hakuuliza baba yake ni nani.

Sasa njooni kwa Kipimo.

Pale senta kuna stationery moja. Mwenyewe mbele yake anaitwa Mwalimu, nyuma yake anaitwa Kipimo. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, msafi, mpole, shati limechomekewa. Alifika chuo kikuu mwaka wa pili akadisco, yaani alifeli akaondolewa. Ungedhani hilo lingemshushia heshima. Pale lilimpandisha. Watu walisema, "Yule amefika, anajua kunavyouma."

Kazi yake ni kuwaombea watoto vyuo mtandaoni. Lakini kabla ya kuomba, anapima. Ana kaunta buku kubwa na kalamu nyekundu. Anamkalisha mtoto, anamuuliza maswali, halafu anamwandikia alama juu ya kumi. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kupata unachotaka. Na kijiji kizima kinaiheshimu ile alama kuliko cheti. Utasikia vijana kisimani:

"Wee, umepimwa ngapi?"

"Sita."

"Sita ya nini na wewe, sita ya kwenda VETA!"

"Afadhali yangu, dada yako alipewa moja na nusu, hiyo nusu ya huruma!"

Wanacheka. Na mimi nilicheka mwanzoni.

Siku ya Monika tulikwenda wanne: yeye, mama, Yohana na mimi. Tukakaa kwenye benchi. Kipimo akafungua kitabu.

"Shule?" Akaandika. "Pointi?" Akaandika. "Baba yupo?"

"Alifariki, mwalimu."

"Kwenye ukoo nani amewahi kufika chuo kikuu?"

"Hakuna, mwalimu."

"Nyumbani mama anabaki na nani?"

Monika akamtazama mama yake. "Na kaka."

Kalamu nyekundu ikatembea. "Udaktari, chuo kile, tatu kwa kumi. Ualimu wa sayansi, chuo cha mkoa wa jirani, tisa kwa kumi."

Nikashindwa kunyamaza. "Mwalimu, hiyo tatu umeipata wapi? Ana A mbili."

"Fundi, wewe ukisikia injini unajua ugonjwa. Na mimi nikimwona mtoto najua. Kila mtu na fani yake."

"Mimi nafungua injini kwanza."

Waliokuwa kwenye foleni wakaguna. Kipimo hakukasirika. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. "Kule anakutana na watoto wa A tatu waliosoma na kompyuta tangu chekechea. Akipata, atakuwa mkia. Akiwa mkia, atadisco. Mimi nimedisco, fundi. Hujui unavyorudi kijijini na godoro lako."

Nakiri alinigusa. Mtu anayesema kutoka kwenye kidonda chake ni mgumu kumbishia. Lakini yeye ni yeye. Tangu lini kufeli kwa mtu mmoja kukawa rula ya kupimia watoto wa wilaya?

Nikabisha hadi akakubali kuweka vyote viwili. "Haya, naweka udaktari kwanza ili roho zenu zitulie."

Ikafika sehemu ya namba ya simu. Monika hakuwa na simu. Yohana alikuwa nayo, ila siku nne kwa wiki yuko porini na ng'ombe ambako mtandao haupandi. Nikasema wekeni yangu.

Mama Yohana akacheka, si kwa ubaya. "Fundi, wewe ni mpitaji. Leo uko hapa, kesho tutakusikia Kigoma. Weka namba ya mwalimu, yeye ana mlango."

Na ndivyo wafanyavyo wote pale. Karibu kila mtoto wa Mitundu aliyeomba chuo, namba iliyoko kwenye fomu yake ni ya Kipimo. Wanaona ni heshima na usalama, kama zamani barua za kijiji zilivyopitia kwa mwalimu mkuu. Sikubisha. Mtu asiye na mlango atabisha nini?

Hapo ndipo ninapojilaumu.

Wiki zikapita. Majina yakatoka. Kipimo akatuma mtoto amwambie mama twende. Tulipofika akasimama, akampa Monika mkono.

"Hongera, mwanachuo. Umepata ualimu."

"Na udaktari?" Monika akauliza.

"Umekosa. Nilisema."

Mama Yohana akapiga kigelegele pale pale barabarani. Jioni tukachinja kuku. Nikala, wakuu. Nikala na paja. Monika akatuandalia maji ya kunawa, akashukuru kila aliyempongeza, akaenda kuosha vyombo. Tangu siku ile hakuleta debe la kupima tena. Ukimwambia mashudu yamelowa anasema, "Sawa, fundi." Basi.

Siku chache baadaye nikaenda Itigi kutafuta mkanda wa mashine. Nikiwa nasubiri duka lifunguliwe, nikaingia kwenye stationery ya kijana mmoja kukwepa jua. Sijui nini kilinituma. Nikamwambia, hebu nitafutie jina fulani kwenye ile PDF ya waliochaguliwa.

Akatafuta. Akasema, "Huyu yumo kwenye orodha ya waliopata zaidi ya chuo kimoja."

"Vipi?"

"Amepata ualimu na amepata udaktari. Anatakiwa kuconfirm kimoja. Code wanatuma kwenye simu aliyojaza."

Nikamwomba achapishe. Akaniambia kitu kingine cha muhimu: hata kama ameshathibitisha chuo kingine, kuna utaratibu wa kufuta na kuthibitisha upya, lakini dirisha linafungwa Ijumaa na code ya kufuta inakuja kwenye namba ile ile. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Mkanda sikununua. Nilirudi Mitundu nyuma ya pikipiki na ile karatasi ndani ya shati, najiongelesha njia nzima hadi bodaboda akaniuliza kama niko sawa.

Sikwenda nyumbani kwanza. Nilimtuma mtoto wa jirani amwite Monika, nikaingia kwa Kipimo.

Nikaweka karatasi mezani. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Code ilikuja. Nimeshaconfirm ualimu."

Wakuu, mimi si mgomvi. Lakini nilipaza sauti hadi watu wakatoka kwenye mgahawa wa jirani. Nikamwita mwizi. Nikamwita mengine. Na unadhani watu walikuwa upande wangu? Mzee mmoja mwenye baiskeli akanisukumia kauli: "Mgeni, umekuja na boksi la spana, sasa unataka kutufungua na sisi?" Mama mmoja akasema, "Huyo mwalimu ametusaidia miaka yote. Wewe umemsaidia nani?"

Monika akafika. Akasoma karatasi. Hakulia. Akasema tu, "Mwalimu, naomba simu."

"Simu ni yangu, mwanangu."

"Meseji ni yangu."

Kwa bahati, Yohana siku ile alikuwa amerudi senta. Akaona watu, akasogea, akaelezwa. Akatafuna. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, mpe."

Kipimo akafungua simu, akampa.

Sasa sikilizeni. Meseji zile zote zinatoka kwa mtumaji mmoja, kwa hiyo zimepangana kwenye mstari mmoja, za miaka yote, kila moja na jina la mwombaji. Kipimo hakuwahi kufuta hata moja. Monika akaiona yake, kisha kidole kikaendelea kupandisha. Jina la huyu, jina la yule, watu ninaowajua, mmoja anauza vocha pale pale mbele yetu. Akapandisha hadi kidole kikasimama.

"Kaka," akasema. "Hili si jina lako?"

Yohana akachukua simu. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nikasoma naye. Miaka sita nyuma. Yohana alikuwa amechaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni uhandisi wa maji, kwenye chuo ambacho hata mimi mwenye form four nakijua kwa ukubwa wake.

Yohana ambaye kijiji kizima kilijua alikosa. Aliyepimwa nne kwa kumi, akaambiwa hakuchaguliwa popote, akaenda kuchunga.

Nilidhani atampiga. Nilitaka ampige, semeni mtakalo.

Kipimo akakaa chini. Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. "Muulizeni mama yenu. Mimi sijawahi kumpima mtoto kwa akili yangu peke yangu. Mzazi anakuja kwanza. Ananiambia, huyu tumwachie aende, huyu mwambie hawezi. Mnanionea. Mimi ni mdomo tu."

Nikageuka kuwatazama wale waliokuwa wakinizomea. Yule mama wa "umemsaidia nani" alikuwa anatazama chini. Mzee wa baiskeli alishaondoka.

Walikuwa wanajua. Si wote, lakini wazazi walikuwa wanajua.

Nimetembea nchi hii sana, sijawahi kuona kitu kama kile. Kijiji kimejitafutia mtu wa kusema "hapana" kwa niaba yao, kikamvalisha kalamu nyekundu, kikaiita hesabu. Mtoto anaondoka akijua akili yake haikutosha. Kumbe ni ng'ombe hawakuwa na mchungaji.

Tukaenda nyumbani. Mama Yohana alikuwa anapepeta mbegu. Alipotuona watatu tumeongozana, akaweka ungo chini kabla hatujasema neno.

"Mama," Yohana akasema, "nilipata?"

"Ulipata."

"Kwa nini?"

"Baba yako alikuwa hawezi kujigeuza kitandani. Umesahau? Ng'ombe wangeswagwa na nani? Dada yako alikuwa form one tu."

"Ungeniambia. Ningebaki."

"Ungebaki, na ungekuwa unanitazama kila siku."

"Nimebaki, mama. Na sikukutazama kwa lolote."

Yule mama akajifuta uso kwa kanga. Akaongea akinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. "Mdomo wa mzazi ni mzito, fundi. Wewe huna mtoto, hujui. Mama akimwambia mtoto wake 'huwezi', lile neno linamfuata maisha yote, ni laana. Sisi hatusemi. Tunampa mtu baki alibebe."

"Na mimi?" Monika akauliza. "Mimi ulimwambia nini?"

"Udaktari ni miaka mitano, na Dar ni mbali. Ualimu ni mitatu, ungekuwa unakuja likizo fupi." Sauti ikapungua. "Nilimwambia tu uwe karibu."

Monika akasogea, akapiga magoti mbele ya ungo kama anayesalimia.

"Basi niambie wewe. Kwa mdomo wako. Niambie, Monika usiende, na sitaenda. Naapa sitaenda, na sitakutazama vibaya."



Mama Yohana akafungua mdomo. Nilimwona kabisa akilitafuta lile neno. Akaufunga. Akafungua tena. Kisha akatikisa kichwa.

"Siwezi."

"Basi ninakwenda, mama."

"Nenda," akasema, na ndipo akalia, kilio cha sauti, hadi majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, tulikuwa kwa Kipimo kabla hajafagia. Monika akakaa mwenyewe kwenye kompyuta. Code ya kufuta ikaingia kwenye simu ya Kipimo, na aliyeishika simu alikuwa Yohana. Akamsomea mdogo wake tarakimu moja moja, taratibu, kama anayemvusha mtoto mtoni. Ikaja ya pili, akasoma tena. Kwenye kioo ikaandikwa kwamba amethibitisha udaktari.

Wakabadilisha na namba ya simu ikawa ya Yohana. Kipimo akatuchapishia karatasi. Neno lake lilikuwa moja: "Akidisco msinitafute."

"Akidisco," Yohana akamjibu, "atakuwa amedisco mwenyewe."

Mnaweza kudhani nikawa shujaa pale. Thubutu. Wazazi wakaacha kuleta alizeti kwenye mashine yetu wakapeleka kwa jirani. Nikipita senta mtu anauliza kwa sauti, "Mpitaji bado hajapita?" Na foleni ya Kipimo haikupungua hata mtu mmoja. Narudia: haikupungua. Wiki ile ile niliona watoto kwenye lile benchi na vyeti vyao mapajani, wanasubiri kalamu nyekundu. Nikasimama, nikawaambia wawili watatu waangalie majina yao wenyewe. Walinijibu kwa heshima, "Sawa, mzee, asante," wakabaki wamekaa.

Mama Yohana hakunifukuza. Alikuwa muungwana kuliko mimi. Jioni moja aliniletea ugali na mlenda, akakaa mbali kidogo, akasema, "Fundi, mashine imepona. Nadhani na wewe umeshapumzika."

Nikamwelewa. Nimeambiwa hivyo sehemu nyingi, ila pale paliniuma, maana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa nimeanza kuzoea mlango.

Asubuhi ya kuondoka, Monika akanisaidia kufunga boksi. Alikuwa na madebe mawili yameanikwa juani tena, nikajifanya sijaona. Yohana akanipakia kwenye pikipiki kunipeleka kwenye basi la Itigi.

Tulifika mapema. Nikamwambia, "Yohana, na wewe bado kijana. Vyeti unavyo. Omba tena."

Akatafuna lile neno, kama kawaida yake.

"Nitaona, kaka. Ila unajua kinachoniuma si chuo. Baba aliumwa kweli, ningebaki kweli. Kinachoniuma ni kwamba niliamini. Nilikuwa na vitabu vyangu vya hesabu, nikavigawa. Watu wa mradi wa kisima walipokuja wakatafuta kijana wa kusoma ramani, nilijificha nyuma ya zizi nisije nikaulizwa. Hata mchumba niliyemtaka sikumwambia, nilijiona sitoshi. Miaka sita, kaka, nimeishi kama mtu wa nne kwa kumi. Na sikuwa."

Basi likapiga honi. Nilimshika mkono. Nikapanda, na Mitundu sijarudi tena.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki.

Mzazi, ukitaka mtoto wako abaki, mwambie. Sema ng'ombe hawana mtu, sema unaogopa kubaki peke yako. Atalia, atakasirika, lakini atabaki na akili yake nzima. Usimtume mtu akamwambie hatoshi.

Na wewe kijana unayeomba chuo kigumu: nafasi yako inapimwa kwa matokeo yako na ya wanaoshindana nawe, si kwa nani wa ukoo wako alitangulia. Weka namba yako. Huna simu, azima laini, lakini iwe mkononi mwako. Orodha ikitoka isome kwa macho yako, hata kama anayekusomea ni mtu mpole aliyechomekea shati.

Mimi kosa langu ni kwamba nilinyamaza kwenye namba ya simu kwa sababu niliitwa mpitaji.

Kama kwenu kuna Kipimo, mtajeni kwa kazi yake bila jina. Na kama wewe ni mzazi uliyewahi kumtumia, jitokeze hapa chini utueleze. Nitakusoma bila kukutukana, ingawa nitajikaza.